Manjano ya Kitui na Makueni: Mgonjwa Aulizwe Amekula Nini



Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akishaipa Voi mgongo, huingia Mtito Andei, kisha Kibwezi na Makindu. Hiyo ni nchi ya Makueni. Upande wa kaskazini na mashariki yake iko Kitui, inayopakana na ndugu zetu wa Tana River. Ni nchi kavu, mvua zake ni za kubahatisha, na watu wake ni wakulima wenye subira ambao chakula chao kikubwa ni mahindi: mahindi na maharagwe waitayo isyo, mahindi yaliyokobolewa waitayo muthokoi, na sima kama hii tuilayo sisi. Wengi wetu tunaipita nchi hiyo usiku tukiwa usingizini ndani ya basi. Lakini lipo somo kubwa lililotokea huko mwaka 2004, ambalo madaktari wa dunia nzima wamelisoma, na ambalo linazihusu nyumba zetu za Pwani zaidi ya tunavyodhani.

Katika nusu ya kwanza ya mwaka huo, watu wa Makueni na Kitui walianza kuugua kwa namna ya kutisha. Mtu hukosa hamu ya kula, hutapika, huumwa na tumbo na kuishiwa na nguvu. Baada ya siku chache weupe wa macho hugeuka manjano, na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Wengine walivimba miguu, wengine tumbo likajaa maji, wengine wakatokwa na damu, wakapotewa na fahamu na kufa. Kufikia tarehe 20 Julai 2004 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na kati yao 125 walikuwa wamefariki. Maana yake ni kwamba katika kila wagonjwa watano, wawili hawakupona. Karibu wanane katika kila kumi walitoka katika wilaya hizo mbili, na waliosalia walitoka Machakos, Thika na kwingineko.

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Nyuma ya kila hesabu kuna mama, kuna mtoto, kuna mlango uliofungwa. Nia yangu katika makala haya ni kueleza jinsi ugonjwa ule ulivyotambuliwa, kwa sababu njia iliyofuatwa kuutambua ndiyo urithi waliotuachia wale waliokufa.

Alama si ugonjwa

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Sisi husema mtu “ana manjano” kama vile tumekwisha kuutaja ugonjwa wake. Ukweli ni kwamba manjano ni alama tu, kama moshi ulivyo alama ya moto. Aonaye moshi hajajua kinachoungua ni nini. Huenda ni jiko, huenda ni jaa, huenda ni paa la jirani.

Ndani ya damu yetu mna chembechembe nyekundu ambazo huishi takriban siku 120, kisha huchakaa na kuvunjwa. Katika kuvunjwa kwake hutoka takataka ya rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini huichukua takataka hiyo, huisafisha, huitia katika nyongo, na nyongo huimwaga matumboni itoke pamoja na choo. Ndiyo inayokipa choo rangi yake. Sasa basi, macho yakigeuka manjano, kasoro inaweza kuwa katika mojawapo ya sehemu tatu.

Ya kwanza ni kabla ya ini: chembe za damu zinavunjika kwa wingi kupita kiasi, kama inavyotokea katika malaria kali au katika ugonjwa wa selimundu ambao unazijua nyumba nyingi za Pwani. Ya pili ni ndani ya ini lenyewe: limepigwa na virusi, au pombe, au dawa iliyozidishwa, au sumu. Ya tatu ni baada ya ini: mfereji wa nyongo umezibwa na kijiwe au uvimbe, na hapo choo hupauka mithili ya udongo mweupe na ngozi huwasha.

Na tusisahau kwamba “homa ya manjano” ni jina la ugonjwa mwingine mahsusi, unaoletwa na kirusi kinachoenezwa na mbu. Si kila mwenye macho ya manjano ana homa ya manjano. Majina yakichanganywa, na tiba huchanganyika.

Daktari wa magonjwa ya ndani ya mwili hana macho ya kuona ndani ya tumbo. Analo swali, ana mkono wa kupapasa, ana vipimo vya maabara. Na katika hivyo vitatu, swali ndilo linalotangulia, kwa sababu ndilo linalomwonyesha mkono upapase wapi na maabara itafute nini. Maabara haijibu jambo ambalo haikuulizwa.

Kumbukumbu ya mwaka 1981

Huko Ukambani, alama zote ziliashiria ini. Lakini ini limepigwa na nini? Fikra ya kwanza ya tabibu yeyote katika nchi zetu ni virusi vya homa ya ini, kwani ndivyo vilivyo vingi. Kilichosaidia ni kwamba nchi ile ilikuwa na historia, na kisa cha zamani kilikuwa kimeandikwa.

Baina ya Machi na Juni mwaka 1981, wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali tatu za wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa bado inajumuisha Makueni. Wote walikuwa na dalili za ini lililovimba na kuugua. Kumi na wawili kati yao walifariki, wengine siku ya kwanza tu baada ya kulazwa.  Madaktari walipima virusi vya homa ya ini wakaona kwamba virusi havitoshi kukieleza kisa kile. Wakaenda majumbani. Wakachukua mahindi.

Katika nyumba mbili zilizokuwa na vifo, mahindi yalikutwa na sumu iitwayo aflatoksini kwa kiwango kilichofika sehemu 12,000 katika kila sehemu bilioni moja. Katika nyumba zisizokuwa na wagonjwa, kiwango cha juu kabisa kilikuwa 500. Sumu hiyo hiyo ilikutwa katika maini ya waliofariki. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 1982 katika jarida la tiba la The Lancet.

Tazama basi faida ya kuandika. Kama kisa cha 1981 kingezikwa pamoja na wafu wake, watu wa 2004 wangeanza safari gizani. Mgonjwa mmoja aliyeandikwa vyema humfundisha tabibu atakayezaliwa baadaye. Na elimu yenye kunufaisha ni katika mambo machache yanayobaki na mja baada ya kufa kwake.

Kuvu na sumu yake

Aflatoksini, ambayo siku hizi wengi huiita sumukuvu, hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus. Ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana, na wachunguzi wakagundua kwamba chanzo ni makapi ya njugu waliyolishwa. Mwaka 1974, katika majimbo ya Rajasthan na Gujarat nchini India, watu 397 waliugua na 106 wakafa kwa kula mahindi yaliyonyeshewa mvua isiyo ya msimu wake. Huko hata mbwa wa majumbani walivimba matumbo na kufa, kwani walishiriki chakula cha wenyewe. Mnyama naye ni shahidi, kwa mwenye kutaka kusikiliza.

Kuvu hii huishi udongoni. Mmea wa mahindi ukiteswa na ukame, huwa dhaifu mbele yake. Mahindi yakivunwa mabichi au yakanyeshewa kisha yakafungiwa penye joto na unyevu, kuvu huzaana na kuimwaga sumu yake. Hayo yote mawili yalikutana Ukambani: ukame ulioleta uhaba wa chakula, kisha mvua za mapema zisizo za kawaida zilizowakuta watu katika mavuno ya mwezi wa Februari. Mwenye njaa hakuweza kungoja mahindi yakauke. Aliogopa pia yasiibiwe, basi akayaingiza ndani ya nyumba alalamo. Hakufanya uzembe, alifanya kile ambacho baba yeyote mwenye watoto wenye njaa angekifanya.

Mtu akiila sumu hii, ini ndilo linalojaribu kuivunja ili kuitoa mwilini. Lakini katika kuivunja, ini huigeuza kuwa kitu kikali zaidi, kinachonata katika protini na katika viini vya chembe zake lenyewe, na kuziua. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo ikishaingia. Tiba ni kumsaidia mgonjwa, na kuliondoa lile sufuria la sumu mbele ya watu wa nyumba yake. Ndiyo maana kutambua sababu kulikuwa na uzito mkubwa: daktari anayemtibu mgonjwa mmoja kitandani bila ya kujua sababu, huwaacha watu saba nyumbani wanaendelea kula.

Uchunguzi wa mwaka 2004

Baada ya habari kufika Wizara ya Afya, maofisa wa afya wa wilaya, wataalamu wa Wizara na wenzao wa Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani waliingia vijijini. Pamoja nao walikuwamo wanafunzi wa mpango mpya wa Kenya wa kufundisha uchunguzi wa maradhi ya mlipuko. Mahindi yaliyopimwa yalikutwa na sumu iliyofikia sehemu 4,400 katika bilioni moja, ilhali kiwango cha juu kilichoruhusiwa na serikali wakati huo kilikuwa 20. Hiyo ni mara 220.

Lakini kuikuta sumu katika mahindi hakutoshi kuthibitisha kwamba ndiyo iliyoua. Huenda nyumba zote zina mahindi ya namna hiyo, wazima na wagonjwa sawasawa. Hapo ndipo ilipokuja hekima ambayo napenda kila msomaji aielewe. Wachunguzi waliwachukua wagonjwa 40, na kwa kila mgonjwa wakachagua watu wawili wazima wa vijijini mwao, jumla 80. Wote wakaulizwa maswali yale yale: mlivuna lini, mahindi yalikuwa makavu au majimaji, mliyaweka wapi, mnakula nini. Mahindi yao yakapimwa na damu zao zikapimwa.

Majibu yakatofautiana waziwazi. Wagonjwa ndio waliokuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu zaidi, na ndio walioyaweka ndani ya nyumba badala ya ghala la nje. Wastani wa sumu katika mahindi ya wagonjwa ulikuwa takriban sehemu 355 katika bilioni, na katika ya wazima takriban 44. Yaani mara nane. Damu nayo ikashuhudia, kwani alama ya sumu hiyo iliyonata katika protini ya damu ilikuwa kubwa zaidi kwa wagonjwa.

Wengine walikwenda sokoni. Katika masoko 65 walichukua sampuli 350 kutoka kwa wauzaji 243, wakaona kwamba asilimia 55 zimezidi kiwango cha serikali, na asilimia 7 zimevuka sehemu 1,000. Mahindi ya mkulima yalikuwa yamekwisha kuingia katika biashara. Kwa hivyo hata asiyelima hakusalimika. Serikali ikagawa chakula mbadala na kuyaondoa mahindi mabaya.

Sababu ya pili iliyojificha nyuma ya ya kwanza

Katika uchunguzi huo lilijitokeza jambo jingine, nalo kwangu ndilo kiini cha somo. Wagonjwa walikuwa na uwezekano mkubwa, karibu mara kumi kuliko wazima, wa kukutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B katika damu.

Hebu tafakari, ndugu msomaji. Chukua daktari mmoja katika hospitali ndogo, jioni, foleni imefika nje. Amepokea mtu mwenye macho ya manjano. Anaagiza kipimo cha virusi vya B, na jibu linarudi: vimo. Je, si angeridhika? Si angeandika “homa ya ini aina ya B”, akafunga faili na kumwita mgonjwa mwingine? Na alichokiandika kingekuwa kweli. Virusi vimo. Lakini huenda virusi hivyo vimekaa kimya mwilini miaka ishirini, na kilicholiangusha ini wiki hii ni mahindi yaliyoko nyumbani. Ini lililokwisha kudhoofishwa na virusi limekutana na sumu, na mawili hayo yamesaidiana.

Huu ndio mtego ambao walimu wa udaktari huwaonya wanafunzi wao: kukoma kutafuta baada ya kupata jibu la kwanza. Jibu la kwanza laweza kuwa la kweli na bado likawa si jibu lote. Anayetafuta fundo moja akalikuta, asiikate kamba kabla ya kuipapasa mpaka mwisho.

Tabibu wetu Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10 miladia, aliliacha funzo la namna hii katika kumbukumbu za wagonjwa wake. Alimtazama mtu mmoja aitwaye Abdallah bin Sawada, aliyekuwa akishikwa na homa za kuja na kuondoka, mara baada ya siku moja, mara baada ya siku kadhaa, huku akienda haja ndogo mara kwa mara. Al-Razi alisema: ama homa hizi zitageuka kuwa za kila siku ya nne, ama kuna jipu katika figo. Haikupita muda, mgonjwa akatoa usaha katika mkojo. Ilikuwa figo. Kisha al-Razi akaandika kwa nini hakuwa na yakini tangu mwanzo: mgonjwa alikuwa na historia ya homa za kawaida, nayo ikamvuta huko, na hakulalamika kwamba anahisi uzito kiunoni anaposimama. Na yeye, bingwa wa zama zake, akaandika bila kuficha kwamba aliacha kumuuliza.

Zaidi ya miaka elfu moja imepita. Somo la Rayy na somo la Makueni ni moja. Mazoea hutuvuta kwenye ugonjwa tuuzoeao, na swali moja lisiloulizwa laweza kuwa ndilo lenye jibu.

Wajibu wa watu wa nyumbani

Msomaji atasema: hayo ni ya madaktari, yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu nusu ya ushahidi hauko hospitalini. Uko jikoni kwetu, ghalani, katika gunia lililo nyuma ya mlango. Daktari hawezi kuuona asipoambiwa.

Sote tunaijua desturi ya kwetu. Mtu akiugua manjano, wapo wanaoanza na mizizi ya kuchemsha, wapo wanaokimbilia kombe. Hapa si mahali pa kuufungua mjadala wa kombe, maulamaa wameuzungumza. Nisemalo ni kwamba dua haikuamriwa ije badala ya kuuliza. Mtume, rehema na amani zimfikie, alituelekeza tujitibu, na kujitibu huanza kwa kuujua ugonjwa. Aliye na ini lililojeruhiwa asinyweshwe dawa asizozijua asili yake, kwani ini hilo hilo ndilo litakalolazimika kuzivunja.

Tena liko jambo zito zaidi. Nyumba ikiangukiwa na wagonjwa watatu kwa wiki moja, ndimi za mtaa huanza kutaja watu. Fulani ana jicho. Fulani aligombana nao juu ya kiwanja. Undugu wa miaka mingi huvunjika kwa dhana. Na ilhali Mola wetu ametuamrisha, katika Suratul Hujurat, tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Watu wa nyumba zile za Machakos hawakurogwa na jirani. Walikula chungu kimoja. Ugonjwa ukiwakusanya waliokula pamoja, la kwanza kuulizwa ni chakula.

Kwa hivyo mkimpeleka mgonjwa wa manjano hospitalini, msingoje kuulizwa. Mwambieni daktari alikula nini katika wiki mbili tatu zilizopita, na unga au mahindi yalitoka wapi. Mwambieni kama yuko mwingine nyumbani mwenye dalili hizo, na kama kuku, mbwa au mifugo wameugua. Tajeni kila dawa aliyokunywa, ya dukani na ya kienyeji, na msione haya. Elezeni rangi ya mkojo na rangi ya choo. Na ikiwa chakula kinashukiwa, acheni kukila mara moja, lakini wekeni kiasi kidogo kikavu kwa ajili ya kupimwa. Mtu mwenye manjano akianza kuchanganyikiwa, au kusinzia kupita kawaida, au kutokwa na damu, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Msingoje asubuhi.

Ghala, soko na sadaka

Hewa ya Pwani ni ya joto na unyevu, nayo ndiyo hewa ipendwayo na kuvu. Mahindi na njugu ndivyo vinavyopatwa zaidi. Kuvipika hakuiondoi sumu, kwani inastahimili moto wa jikoni. Kukoboa kunapunguza, na kuchambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu kunapunguza, lakini punje yaweza kupendeza machoni na bado ikawa nayo. Kinga ya kweli ni ukavu.

Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasigusane na udongo, mpaka unyevu ushuke usizidi asilimia 13 na nusu. Asiye na chombo cha kupimia atumie chumvi: achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi kiasi pamoja na chumvi kavu, afunike na kuitikisa, aiache robo saa. Chumvi ikinata katika kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali penye kupitisha hewa, na si chini ya kitanda. Wenye uwezo watumie ile mifuko maalumu isiyopitisha hewa, baada ya mahindi kukauka. Wakulima nao wamepata msaada mwingine: watafiti wa taifa wa kilimo hutengeneza huko Katumani, Machakos, dawa ya Aflasafe, ambayo ni kuvu wa jamii hiyo hiyo wasio na sumu. Hutawanywa shambani kabla ya mahindi kutoa maua, wakawanyima nafasi wale wenye sumu.

Mwenye kununua unga uliofungwa asijione amekwisha kusalimika moja kwa moja. Mwezi wa Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hii. Leo kiwango kinachoruhusiwa kimeteremshwa hadi sehemu 10 katika bilioni. Tununue kwa wanaojulikana, na mwenye kinu asikubali kusaga mahindi yanayonuka uvundo. Mwenye duka anayechanganya mahindi mabovu na mazima ili yasitambulike, ajue kwamba hiyo ni ghushi, na Mtume alimkemea muuzaji aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya nafaka kavu. Wakati ule waliona ni dhuluma ya mali. Leo tunajua kwamba nafaka iliyolowa yaweza kuwa ni dhuluma ya roho.

Na hapa nafika kwenye sadaka. Kila mwaka, Ramadhani ikielekea ukingoni, tunatoa fitra kwa pishi za chakula. Wapo wanaosema kuhusu gunia lililoanza kuota ukungu: hili tusile sisi, tuwape maskini, au tuwape kuku. Mola wetu ametukataza tusikusudie kibovu katika kutoa, kile ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Maskini ndiye mwenye ini lililochoka zaidi, na ndiye asiye na chakula kingine cha kubadilisha. Ukimpa sumu na ukaandika sadaka, umeandika nini? Kuku naye, akilishwa hiyo, hudhoofika na kufa. Na ng'ombe akiila, sumu hupita katika maziwa yatakayonywewa na mtoto wako. Mahindi ya ukungu yateketezwe au yafukiwe. Hiyo si israfu; ni kuihifadhi nafsi, nayo ni katika makusudio makuu ya sheria.

Mwisho, watoto wachanga wapelekwe chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwani ndani yake mna kinga ya homa ya ini aina ya B. Sumukuvu ikila pamoja na kirusi hicho kwa miaka mingi, hata kwa kiasi kidogo kisichoonyesha manjano, huleta saratani ya ini. Mlango mmoja ukifungwa, mwizi wa pili hubaki peke yake, na peke yake ni dhaifu zaidi.

Tanzania nayo ilionja msiba huu mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wakaugua watu 68 na kufariki 20. Maradhi haya hayajali mpaka wala kabila. Yanafuata ukame, mvua isiyo na wakati, na haraka ya mwenye njaa.

Basi tumwombe Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia Kitui na Makueni, awape afya wagonjwa wetu, awaongoze matabibu wetu katika kuuliza na kusikia, na azibariki riziki zetu ziwe halali na ziwe njema. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.